Pato Lisilo na Mpataji



Wiki iliyopita tulikuwa tukichambua nomino zinazotokana na vitenzi, nikatoa mfano wa kitenzi "pata". Tukaunda "mpataji", "kipato", "upatikanaji", na hatimaye "pato". Mmoja wenu, anayeketi karibu na dirisha, akanyosha mkono: "Mwalimu, nimesikia redioni kwamba pato la nchi yetu limekua. Ikiwa kuna pato, mpataji ni nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka, na kengele ndiyo iliyoniokoa. Leo nalipa deni hilo, na nalilipa kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Takwimu zenyewe sizikanushi. Mwaka 2022 na mwaka 2023 uchumi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulikua kwa zaidi ya asilimia 8 kila mwaka, kasi ambayo nchi nyingi za dunia zingeionea wivu. Katika uchimbaji wa shaba tumeipita Peru, na mbele yetu imebaki Chile peke yake. Kati ya kila tani kumi za kobalti zinazochimbwa ulimwenguni, takriban saba hutoka katika majimbo mawili tu, Lualaba na Haut-Katanga, yaani hapa petu. Yote hayo ni kweli. Ninachokipinga ni ile desturi ya kumjibu mama anayelalamikia bei ya unga kwa kumtajia asilimia 8, kana kwamba asilimia hupimwa kwa kibaba na kusongwa bukari.

Tuutazame mwaka huohuo wa 2023 kutoka upande wa mfuko wa mtu. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilibadilishwa kwa takriban faranga 2,000. Mwaka ulipokwisha ilikuwa imevuka 2,600. Mtu anayelipwa kwa faranga, awe mwalimu, muuguzi au askari, alipoteza zaidi ya moja ya tano ya thamani ya mshahara wake ukipimwa kwa dola, na hakuna aliyemwandikia barua ya kumpunguzia. Nasi wa Lubumbashi tunajua kwamba unga wetu, kwa sehemu kubwa, huvuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikifunga mlango, sisi hulala mapema. Simameni siku moja kando ya barabara ile mtazame malori yanavyopishana: yanayokwenda kusini yamebeba shaba, yanayokuja kaskazini yamebeba unga. Hicho ndicho kielelezo cha uchumi ninachokiamini, na hakihitaji mtaalamu wa kukisoma.

Basi uchumi "ulikua" na mshahara ukasinyaa mwaka mmoja. Je, kuna mtu aliyesema uongo? Hapana, na hapo ndipo somo letu la lugha linapokuwa somo la uraia.

Kipimo kinachosomwa redioni huitwa Pato la Ndani. Hicho hujumlisha thamani ya kila kinachozalishwa ndani ya mipaka ya nchi, bila kuuliza mwenyewe ni nani. Kampuni kutoka ng'ambo ikichimba shaba Kolwezi, thamani inayoongezwa pale mgodini huingia yote katika Pato la Ndani la Kongo. Faida yake ikishatumwa kwa wenye hisa walio mbali, Pato la Ndani halipungui hata chembe. Kipo kipimo kingine kinachoondoa faida hiyo inayotoka na kuongeza ile inayoingia; hicho ndicho hasa kinachostahili kuitwa Pato la Taifa. Magazeti mengi ya Kiswahili huviita vyote viwili "pato la taifa". Mwalimu wa Kiswahili akiona kosa hilo hutikisa kichwa kama anavyofanya kwa kosa la upatanisho wa sarufi. Lakini upatanisho ukikosewa hakuna anayelala njaa. Kosa hili la pili lina watu wanaonufaika nalo: hutufanya tuamini kwamba kilichozalishwa kwetu ni chetu.

Tukija kwenye neno "wastani", mambo huharibika zaidi. Mnasikia kwamba pato la wastani la Mkongo ni dola mia sita na kitu kwa mwaka. Ili kupata wastani unahitaji namba mbili, mali na idadi ya watu. Ya kwanza tunayo kwa kiasi, maana shaba hupimwa kwenye mizani kabla ya kuvuka mpaka. Ya pili? Tangu uhuru wa mwaka 1960, Kongo imefanya sensa moja tu, ile ya mwaka 1984, iliyohesabu watu takriban milioni 30. Mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa ile huenda leo ni babu au bibi. Tangu hapo tunakisia. Chukueni kalamu: dola bilioni 70 zikigawanywa kwa watu milioni 90, kila mtu hupata dola 778, zikigawanywa kwa watu milioni 110, hupata dola 636. Tofauti ni dola 142 kwa kila kichwa, na hakuna aliyechimba wala aliyelima. Tumebadilisha kisio tu. Nchi inayojua idadi ya magunia ya kobalti yanayovuka Kasumbalesa, isiyojua idadi ya watoto wake, imekwisha kutuambia inathamini nini. Sihitaji kuongeza neno.

Na hata wastani huo ungekuwa sahihi, ungetuficha. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 karibu robo tatu ya Wakongo waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Katika ripoti ya maendeleo ya binadamu iliyotolewa mwaka huohuo na Umoja wa Mataifa, Kongo ilishika nafasi ya 180 kati ya nchi 193. Wa pili duniani kwa shaba, wa 180 kwa maisha ya watu.

Nataka nikae zaidi kwenye umeme, kwa sababu makala haya nayaandika kwa mwanga wa mshumaa, na nta imekwisha kudondoka juu ya madaftari yenu (samahani kwa wale watakaoyaona). Takriban Mkongo mmoja tu kati ya watano anapata umeme. Nchi hii si maskini wa maji yaendayo kasi. Kwenye maporomoko ya Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, bwawa la kwanza lilianza kazi mwaka 1972 na la pili mwaka 1982. Kutoka huko zikavutwa nyaya za msongo mkubwa hadi Kolwezi, masafa ya kilomita zipatazo 1,700, ili kuilisha migodi ya Katanga. Waliochora njia ile walichagua mkondo mnyoofu, aina ya umeme usioweza kumegwa njiani bila kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza. Matokeo yake, nyaya zikapita juu ya vijiji, juu ya mashamba ya muhogo, juu ya shule ambazo watoto wake walisomea kibatari, na zote zikabaki gizani. Kwa hesabu ya kitaifa, uzalishaji wa umeme uliongezeka na Pato la Ndani likakua. Kwa mtu aliyekaa chini ya waya, kilichoongezeka ni uvumi wa waya usiku. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Hapa wajenzi wapo, ila walikuwa wakijenga kwingine.

Sasa nigeuke upande wa pili, na huenda hapa nikawaudhi baadhi yenu. Upo msemo tunaoupenda kuliko wimbo wa taifa: "Kongo ni nchi tajiri." Tulirithi fahari hiyo kutoka enzi za wakoloni, wanajiolojia wa Kibelgiji walipostaajabia miamba ya Katanga, na tukaendelea kuiimba. Kila tatizo tunalipa jibu moja: tajiri sisi, ila tumeibiwa, mwizi akikamatwa, kila mmoja ataishi kama sultani.

Tupige hesabu tena. Tuseme Kongo inachimba tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, na kila tani inauzwa dola 9,000. Hizo ni dola bilioni 27. Tuseme hakuna anayeiba hata senti, hakuna dizeli ya kununua, hakuna mashine ya kulipia wala mfanyakazi wa kulipwa, na fedha zote zinagawiwa watu milioni 100 mkononi. Kila mmoja atapata dola 270 kwa mwaka, yaani senti 74 kwa siku. Ongezeni kobalti yote, bado hamfiki dola moja kwa siku. Msininukuu vibaya. Wizi upo na ni mkubwa. Jopo lililoongozwa na Kofi Annan lilikadiria mwaka 2013 kwamba katika mikataba mitano tu ya migodi, kati ya 2010 na 2012, Kongo ilipoteza dola bilioni 1.36 kwa kuuza mali kwa bei ya chini, kiasi ambacho ni karibu mara mbili ya bajeti za mwaka za afya na elimu zikiunganishwa. Fedha hizo zingejenga mengi. Lakini mgodi hauwezi kutulisha kwa kugawiwa. Unaweza tu kutujengea vitu vitakavyotulisha: umeme, barabara ya kutoa mahindi shambani, shule ambayo mwalimu wake halipwi na wazazi.

Ndiyo maana wazee wa mji huu hutaja Gécamines kwa macho yaliyolowa. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ya serikali ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ambazo hazifiki hata moja ya tano ya tani za leo. Hata hivyo mfanyakazi wake alikuwa na nyumba, hospitali, shule ya watoto na mgao wa unga. Sizitamani enzi hizo. Nyingi ya fedha zile ziliishia kwa watawala wa Zaire, mashine hazikutunzwa, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na miaka kumi baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Nawataja wazee hao kwa sababu wao hawakuwahi kuupima uchumi kwa asilimia. Waliupima kwa mgao wa unga, na walikuwa wapimaji wazuri kuliko sisi tunaosoma ripoti.

Kwa hiyo nini cha kudai? Wapo watakaosema kwamba raia wa kawaida hana ubavu mbele ya makampuni. Someni sheria. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti, baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati, ikawekewa asilimia 10. Mrabaha huo hauendi wote Kinshasa. Nusu ni ya serikali kuu, asilimia 25 ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya mji, komuni, sekta au himaya ya kichifu ambamo mgodi upo, na asilimia 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo, yaani wenu ninyi mnaosoma hapa. Zaidi ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Hizo ndizo takwimu ambazo mtu anaweza kuzifuata kwa miguu yake. Asilimia 8 ya ukuaji huwezi kuigusa. Asilimia 15 ya komuni unaweza kwenda kuiulizia mlangoni, na anayeketi nyuma ya mlango huo ana jina.

Kikwazo kingine ni lugha, na hapo nailaumu pia kazi yangu mwenyewe. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Lakini sheria ya migodi, bajeti na ripoti za mapato huandikwa kwa Kifaransa. Mwanakijiji wa Lualaba ana haki juu ya sehemu ya mrabaha, lakini neno "mrabaha" hajawahi kulisikia, na sisi walimu tulikuwa tukimfundisha methali. Tangu mwaka 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo msamiati huu unatumika bungeni na magazetini kila siku. Hatuna tena kisingizio cha kusema kwamba maneno hayapo.

Kazi ya juma hili, basi, si insha. Kila kundi la wanafunzi wanne liandike barua rasmi kwa Kiswahili sanifu, isiyozidi ukurasa mmoja, kwa mkuu wa komuni yenye mgodi, likiuliza maswali matatu: komuni ilipokea mrabaha kiasi gani mwaka uliopita, fedha hizo zilitumika kwa nini, na hesabu zake zinaweza kusomwa wapi. Anwani, tarehe, "kuhusu", salamu na sahihi viwe mahali pake, kama tulivyojifunza. Barua nitazisahihisha Jumatatu, na Jumanne tutazipeleka. Wewe wa karibu na dirisha, utaongoza kundi la kwanza.