Simu ya namba ngeni: Ipokee, lakini mzigo usitoke

MSIMU wa mavuno ya mpunga unapofika katika Kata ya Segese, Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, simu ya mkulima huanza kuita mara kwa mara, na nyingi ya namba hizo hazifahamu. Anayepiga anaweza kuwa mfanyabiashara wa Mwanza aliyepewa namba na dalali, dereva wa fuso anayetafuta mzigo wa kurudi nao, au ndugu aliyeazima simu ya jirani. Anaweza pia kuwa tapeli. Mkulima anabaki njia panda: apokee, au aiache iite mpaka ikatike?

Wapo wakulima na wafanyabiashara wadogo walioamua kuiacha iite. Hatuwalaumu, kwa sababu karibu kila kijiji kina mtu aliyelizwa kwa njia ya simu. Hata hivyo, uamuzi huo nao una gharama, tena gharama isiyoonekana. Aliyetapeliwa anajua fedha alizopoteza na habari zake huenea kijiji kizima. Asiyepokea simu ya mnunuzi hajui kamwe alichokosa.

Tuchukulie mkulima ana magunia 20 ya mpunga, na mnunuzi wa mbali angempa Sh5,000 zaidi kwa kila gunia kuliko dalali aliyesimama mlangoni. Simu ile moja ambayo hakuipokea imemgharimu Sh100,000. Dalali naye anafahamu kuwa mkulima huyo hana mtu mwingine wa kuzungumza naye, hivyo hana sababu ya kupandisha bei.

Faida ya simu sokoni si maneno matupu. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wavuvi wa Kerala nchini India, alionyesha kuwa simu za mkononi zilipoingia huko kati ya mwaka 1997 na 2001, tofauti ya bei kati ya soko moja na jingine ilipungua sana, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa wanunuzi karibu wakaisha. Nchini Niger, utafiti wa Jenny Aker wa mwaka 2010 ulibaini kuwa simu zilipunguza tofauti za bei za nafaka kati ya masoko kwa asilimia 10 hadi 16. Lakini simu hufanya kazi hiyo pale tu mtu anapokubali kuzungumza na asiyemfahamu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jambo la msingi ambalo wakulima wetu wanapaswa kulielewa ni kwamba tapeli hapati chochote kwa sababu tu umesema "haloo". Ili akuibie, anahitaji umpe kimoja kati ya vitu vitatu: namba ya siri, fedha au mzigo. Mwenye kuvilinda vitu hivyo anaweza kupokea simu ya mtu yeyote.

Tuanze na namba ya siri. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa pia pochi ya mkulima, na namba ya siri ndiyo ufunguo wake. Hakuna mtu wa kampuni ya simu wala benki anayestahili kuijua. Huduma kwa wateja ya kampuni za simu hutumia namba 100. Anayejitambulisha kuwa ni mtu wa huduma kwa wateja huku akipiga kwa namba ya kawaida na kukuelekeza ubonyeze tarakimu hizi na zile, mkatie simu.

Pili ni fedha. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unafahamika nchi nzima. Upo pia wa mtoto aliyeugua ghafla shuleni. Dawa yake ni kumpigia mwalimu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyokupigia. Anayedai amekutumia fedha kwa makosa, mwambie awasiliane na kampuni yake ya simu ili muamala urudishwe na kampuni yenyewe. Vilevile, mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji atangulize fedha ya usajili wala ya usafiri.

Tatu ni mzigo. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa, ndiyo maana kusoma meseji peke yake hakutoshi. Fungua menyu mwenyewe, angalia salio, na gari lisiondoke kabla hujaliona. Kwa upande wa dhahabu, biashara ambayo ni kubwa katika ukanda huu wa Bulyanhulu na Geita, anayekupigia akikuuzia mali kwa bei ya chini isiyo ya kawaida mwambie mkutane kwenye soko la madini. Masoko hayo yapo tangu mwaka 2019, la kwanza likifunguliwa Geita mwezi Machi mwaka huo. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Kuhusu waliobipu au kukatika kabla hujapokea, namba ya ndani ya nchi unaweza kuirudia. Namba inayoanza na msimbo wa nchi ambayo huna biashara nayo iache, kwa sababu kuipigia kunaweza kumaliza vocha yako.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Mnunuzi anayetaka kupokelewa atangulize ujumbe mfupi unaotaja jina lake, zao analotafuta na aliyempa namba, na asibadilishe laini kila msimu. Ofisi za kata na vyama vya ushirika vya msingi vibandike ubaoni namba za wanunuzi waliokwisha kufika, kupima na kulipa. Kazi hiyo inahitaji karatasi na kalamu tu.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, na kufungiwa kwa laini ambazo hazikusajiliwa kuanzia Januari 2020, ulisaidia lakini haukumaliza tatizo, kwani wapo wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya wengine. Kila mmoja apige *106# ajue ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lake. Ujumbe wa kitapeli utumwe 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na namba iliyoutuma.

Mkoa wa Shinyanga una historia katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi hawakuacha kufuga. Waliunda sungusungu, na mwano ulipopigwa kijiji kimoja, vijiji vya jirani vilitoka. Mwizi wa simu anategemea kila mtu anyamaze na aibu yake. Aliyepigiwa na tapeli asubuhi aitangaze namba hiyo gulioni siku hiyo hiyo, ili jioni jirani yake aendelee kupokea simu za wanunuzi bila hofu.