Karo la Nyumbani na Bomba la Mtaani

Familia zaidi ya moja zenye nyumba Mawaleh na Hail zimetuuliza swali lile lile: bomba la majitaka limekwisha kupita mbele ya ukuta, je, kuna haja gani ya kujiunga nalo ilhali karo letu bado linafanya kazi?

Hilo neno “linafanya kazi” ndilo linalotushughulisha. Majitaka yaingiapo karoni, uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka yakanywewa na ardhi. Hayakutoweka, yamehama tu. Karo lililozibwa sawasawa pande zote halina njia hiyo, nalo hujaa, hata lije lile gari la njano kulinyonya. Basi anayetuambia kwa fahari kwamba karo lake halijapata kujaa tangu ajenge, sisi hututia wasiwasi. Nyumba ya watu wanane, yenye kuoga, kufua na kutawadha mara tano kwa siku, maji yake yanakwenda wapi? Na jirani mwenye kisima cha kumwagilia mitende yake, anateka nini?

Wazee wetu waliotoka Unguja wanaijua habari hii. Kipindupindu kilichoingia mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870 kiliua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwapo wakati huo, alichapisha kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876, na visima vya mji vilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyachunguza. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akaleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Ilikuwa neema kubwa. Lakini maji yaliletwa bila kuandaliwa njia ya kutokea, na sehemu kubwa ya Ng'ambo ingali ikitegemea makaro na mashimo hadi leo.

Hapa Maskati mambo yamefuata mpango huo huo, maji kwanza na majitaka baadaye. Kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari kilianza kazi Ghubra mwaka 1976. Kampuni ya majitaka, ambayo wengi tuliizoea kwa jina la Haya, iliundwa mwaka 2002, ingawa mitaa michache ilikuwa na mabomba yake kabla ya hapo. Katika muda huo wa kati mji ulitanuka, na kila nyumba mpya ikachimba shimo lake. Siku hizi maji na majitaka yamewekwa chini ya mkono mmoja, nao ni Nama. Majitaka yanayofika mtambo wa Ansab husafishwa, na maji yake hunywesha miti na majani tunayoyaona kandokando ya barabara. Yanayobaki karoni hayanyweshi kitu.

Kwa wanaodhani kwamba gari la kunyonya latosha, tunawakumbusha Jedda. Huko malori yalimwaga majitaka kwa miaka mingi katika bonde lililo mashariki ya mji, hata pakawa ziwa, na wenyeji kwa kejeli wakaliita Ziwa la Miski. Mafuriko ya Novemba 2009 yalipoua watu zaidi ya mia moja, hofu iliyofuata ilikuwa kwamba boma la ziwa lile lingepasuka. Lilikaushwa mwaka 2010. Nasi tulioiona Gonu mwezi wa Juni 2007 hatuhitaji kuambiwa mabonde yetu hufanya nini mvua ikishuka.

Hata hivyo, tunavyoona sisi, kinachozuia si ukosefu wa elimu. Ni fedha na mirathi. Aghalabu bomba la mtaa huishia mpakani mwa kiwanja, na ya ndani ni ya mwenye nyumba. Sasa nyumba ni ya ndugu watano: mmoja yuko hapa, wawili Dubai, mmoja London, na wa tano hajibu simu. Ndani amekaa mpangaji, naye ndiye anayelipia gari la njano. Mwenye uamuzi hapati hasara, na mwenye hasara hana uamuzi. Rai yetu ni kwamba gharama ya kuunganisha itolewe katika kodi ya nyumba kabla warithi hawajagawana, kama itolewavyo gharama ya kutengeneza paa linalovuja. Haifai kumsubiri yule asiyejibu simu.

Na mkishajiunga, msiliache karo la zamani na mfuniko wake wa kutu uani mwa watoto. Linyonywe, lisafishwe, lijazwe mchanga. Kazi hiyo wapeni wenye vifaa. Asishuke kijana wa kazi kwa kamba na ndoo. Hewa ya humo hunuka kama yai lililooza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, na anayemfuata mwenzake kumwokoa mara nyingi hufa naye. Kisha chorani mahali lilipokuwa, mwiweke ile karatasi pamoja na hati ya nyumba, ili atakayeinunua ajue wapi asiegeshe gari lake.