Wimbo Nao Huhitaji Kupumzika

Wahenga wamenena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Hawakuijua simu ya mkononi, lakini usemi wao unawafaa sana walio nayo leo.

Mjini Gisenyi, ufukoni mwa Ziwa Kivu, muziki si kitu adimu. Goma iko ng'ambo ya mpaka tu, na rumba ya Kongo huvuka pamoja na wachuuzi wapitao hapo kila siku. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza rumba hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Si ajabu basi kukuta nyumba yenye rumba yake maalumu: ile iliyochezwa siku ya harusi.

Hapo ndipo ugomvi huweza kuanzia. Mume huuweka wimbo huo katika simu na kuiamuru iurudie. Huimba alfajiri chai ikichemka, huimba tena usiku watoto wakisinzia. Juma la kwanza mke hucheka na kuitikia kiitikio. Juma la tatu hutoka uani kufua nguo zisizo chafu. Siku akisema, "Zima hayo makelele," mume husikia jambo jingine kabisa: kwamba mwenzake ameichoka ndoa. Mke naye huamini kwamba mumewe hajali masikio ya mtu. Kumbe kilichochoka ni sikio, wala si moyo.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1968 Robert Zajonc, huko Marekani, alieleza kwamba mtu huelekea kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara kwa mara. Mwaka 1970 Daniel Berlyne, huko Kanada, alionyesha upande wa pili: kitu kikirudiwa mno, utamu wake hupungua, na kilicho chepesi huchosha upesi zaidi. Katika rumba, waimbaji hutangulia kwa upole, kisha magitaa hushika kasi katika sebene. Raha kubwa imo katika kuingojea sebene hiyo. Aliyeisikia mara kumi kwa siku hana tena la kungojea.

Zamani chombo chenyewe kiliupumzisha wimbo. Sahani ndogo ya santuri ilibeba dakika chache kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na mpenzi wa muziki hakuwa na budi kuinuka na kuigeuza. Na kabla ya santuri, nyimbo za Rwanda zilikuwa na mahali pake: amahamba kwa ng'ombe, ibihozo kwa kumbembeleza mtoto. Simu haina saa wala haichoki. Kiasi lazima kitoke kwa mwenye simu.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, mwenye kuchoka aseme kwa upole, tena mapema, kabla hasira haijamsemea. Neno "wimbo wetu huu tuutunze" hupokewa vizuri kuliko amri ya kuzima. Pili, wimbo uwekwe kando kwa miezi miwili au mitatu, na nyimbo nyingine zipewe nafasi. Hata watoto waulizwe wapendacho. Tatu, asiyeweza kungoja avae visikilizio masikioni, asiwalazimishe wengine, wakiwamo majirani ambao hawakualikwa harusini. Mwisho, siku ya kukumbuka ndoa ikifika, wimbo urudishwe, usikilizwe mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, na wenyewe wainuke wacheze. Huenda wakashangaa kuikuta sebene ile ile ikiwaamsha kama siku ya kwanza.

Hakuna bibi wa Gisenyi avaaye mushanana wake wa harusi kwenda kulima viazi. Huukunja vizuri na kuuweka sandukuni, na hakuna amwambiaye kwamba ameacha kuupenda.