Nani Amsomeshe Fundi? Msaada wa Serikali kwa Wanafunzi wa Ufundi Stadi

Taifa lolote linalotaka kuendelea kwa nguvu za sayansi hapana budi lijiulize maswali mawili. La kwanza ni hili: nani atakayevumbua? La pili, ambalo aghalabu husahauliwa, ni hili: nani atakayetengeneza, atakayefunga na atakayekarabati kile kilichovumbuliwa? Swali la kwanza tumelitafutia fedha. Swali la pili tumeliachia wazazi, wajomba na bahati. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini mgawanyo huo si wa haki, kwa nini una hasara kwa nchi, na ni hatua zipi zinazoweza kuchukuliwa kuurekebisha.

Tuanze na mahali tunapopafahamu. Kilema, katika miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, ni nchi ya vihamba, migomba na mibuni. Hapo ndipo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua kituo chao mwaka 1891, na mibuni iliyopandwa huko mwishoni mwa karne ya 19 ni miongoni mwa ya kwanza katika mlima mzima. Fedha ya kahawa ndiyo iliyosomesha vizazi vya watu wa Moshi, hasa baada ya wakulima kuunda chama chao mwaka 1925 na baadaye chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Lakini elimu ya ufundi ilikuwapo mlimani kabla ya kahawa. Wahunzi wa Mamba, si mbali na Kilema, walifua majembe na mikuki kwa ujuzi uliorithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Mwanafunzi wa mhunzi hakulipa ada: alivuta mivuo, alikula katika nyumba ya mwalimu wake, na alipohitimu alikuwa tayari na nyundo yake mkononi.

Mambo hayo matatu, yaani mafunzo, chakula na zana, ndiyo msingi wa hoja yetu yote. Mfumo wetu wa leo umeshughulikia lile la kwanza kwa sehemu kubwa, la pili kidogo, na la tatu karibu umelisahau.

Historia fupi

Mafunzo rasmi ya ufundi katika nchi hii yalianza kuwekewa sheria mwaka 1940, kwa sheria ya uanagenzi ya wakati wa ukoloni. Shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951 na ya Moshi mwaka 1957. Baada ya Uhuru, falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisisitiza kuwa kazi ya mikono na kazi ya akili zisitenganishwe. Mwaka 1974 ilitungwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, na mwaka uliofuata vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Chuo cha Ufundi Arusha kilifunguliwa mwaka 1978. Hatimaye sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, pamoja na tozo maalumu inayolipwa na waajiri kwa ajili ya kuendeleza ufundi.

Upande wa elimu ya juu, uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1992, na Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Elimu bila ada ilifika kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Katika mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ilifunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2023 Serikali ilipendekeza kufuta ada kwa wanafunzi wa ufundi wa ngazi ya kati katika vyuo vya Dar es Salaam, Mbeya na Arusha. Hizo ni hatua za kusifiwa, wala hatuzibezi. Hata hivyo, ngazi ya chini kabisa, yaani ya cheti cha ufundi stadi, ilibaki nje ya mlango huo wa mikopo. Na ngazi hiyo ndiyo wanayoingia vijana wengi wa kaya maskini.

Ada si gharama

Hapa huletwa jibu ambalo msomaji ameshalisikia: ada ya VETA ni ndogo. Ni kweli. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 120,000 kwa wa bweni. Ni kiasi ambacho mzazi mwenye ndizi za kuuza sokoni anaweza kukipata.

Lakini tufanye hesabu, na walimu wawape wanafunzi wao waifanye pia. Chukua kijana wa Kilema aliyepata nafasi ya kutwa katika chuo kilichoko Moshi mjini. Atapanda gari kushuka hadi Himo, kisha gari jingine hadi mjini. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba nauli ni shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, na kwamba masomo ni siku 5 kwa wiki katika wiki 40. Jumla ni shilingi 800,000 kwa mwaka. Nauli peke yake ni zaidi ya mara 13 ya ada. Bado hajala chakula cha mchana, hajanunua ovaroli na viatu vya karakana, wala hajanunua rula, tesita na koleo. Kila msomaji aweke nauli ya kwao mahali pa nauli hiyo. Jibu litabadilika, lakini mafunzo yake hayatabadilika. Anayesamehewa ada peke yake amesamehewa sehemu ndogo kabisa ya mzigo.

Matokeo yake ni nini? Kijana huanza masomo, na miezi michache baadaye hukosa siku mbili kwa wiki, kisha tatu. Somo la darasani linaweza kunakiliwa kutoka kwa mwenzake. Somo la karakana halinakiliki. Tuchukue mfano wa umeme wa majumbani. Hita ya wati 2,000 katika umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa karibu ampea 8.7. Fundi asiyefahamu vyema huweka waya mwembamba uliotengenezwa kwa ampea 5. Kwa kuwa joto katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, mkondo ukiongezeka maradufu joto huwa mara nne. Plastiki ya waya huyeyuka, na nyumba huweza kuungua. Kanuni hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu huijua. Lakini kuutambua waya kwa kuushika, kukaza skrubu kwa kadiri inayofaa, kupima waya wa ardhini kabla ya kuwasha, hayo hupatikana kwa kurudia mara nyingi mbele ya mwalimu. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, umeme umekuwa ukipelekwa vijijini kwa fedha nyingi za umma. Si busara kutumia fedha hizo kufikisha nguzo mlangoni, kisha kumwachia kazi ya ndani fundi ambaye hakumaliza mafunzo kwa kukosa nauli.

Fedha zitoke wapi?

Msomaji makini atauliza: nchi yetu ina mahitaji mengi, fedha hizo zitatoka wapi? Jibu la kwanza ni kwamba tayari kuna fedha zinazokusanywa kwa jina la ufundi. Tozo ya waajiri niliyoitaja ilikuwa asilimia 6 ya mishahara. Ikashushwa kuwa 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021 na 3.5 mwaka 2023. Kwa mgawanyo uliotumika kwa miaka mingi, theluthi moja tu ilikwenda VETA, na theluthi mbili zilikwenda Hazina kwa matumizi mengine. Kwa kila shilingi 100 za mishahara, fungu la ufundi katika mgawanyo huo lilikuwa shilingi 2 wakati tozo ikiwa asilimia 6. Kwa asilimia 3.5 ni shilingi 1 na senti 17 hivi. Waajiri wamekuwa na haki ya kulalamika kuwa tozo ni nzito. Lakini mwanafunzi wa ufundi naye ana haki ya kuuliza kwa nini kilichokusanywa kwa jina lake kimefika kwake kikiwa kimepunguzwa hivyo.

Tutazame pia majirani na walio mbali. Kenya, mwaka 2018, ilipanga ada ya vyuo vya ufundi kuwa shilingi za Kenya 56,420 kwa mwaka, Serikali ikilipa 30,000 kwa kila mwanafunzi, naye akaruhusiwa kuomba mkopo wa hadi 40,000 kutoka Bodi ile ile inayokopesha wa vyuo vikuu. Nilipokuwa Ujerumani kwa masomo ya uzamivu niliona utaratibu mwingine: mwanagenzi hulipwa na mwajiri anayemfundisha, na tangu Januari 2020 sheria imeweka kima cha chini, ambacho kwa mwaka ule kilikuwa euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza wa mafunzo. Sishauri tuunakili utaratibu huo kama ulivyo. Mwenye gereji ya Himo hana uwezo wa kumlipa mwanagenzi. Lakini kanuni iliyomo ndani yake yatufaa: mwanafunzi wa ufundi huzalisha mali wakati akijifunza, kwa hiyo kumlisha ni gharama ya uzalishaji, si sadaka. Pale ambapo mwajiri ni mdogo, Serikali iibebe sehemu ya gharama hiyo. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, imekwisha kuonyesha kwamba uanagenzi unaolipiwa na Serikali unawezekana. Kinachohitajika ni kuufanya haki ya kudumu badala ya bahati ya awamu.

Hoja za wanaopinga

Wako wanaosema kuwa fundi hawezi kukopeshwa kwa kuwa hana mwajiri wa kumkata mshahara. Hoja hiyo ina uzito. Mhitimu wa chuo kikuu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kurejesha mkopo. Seremala aliyejiajiri hukatwa wapi? Lakini hoja hii haithibitishi kwamba fundi asisaidiwe. Inathibitisha tu kwamba mkopo si chombo kinachofaa katika ngazi hiyo. Kwa cheti cha ufundi stadi yafaa itolewe ruzuku ya kujikimu. Mkopo uanzie ngazi za juu, ambako ajira rasmi ni nyingi zaidi.

Wengine husema, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwamba kila shilingi inayompa mwanafunzi chakula ni shilingi inayokosekana kununua mashine za karakana. Serikali imekuwa ikijenga vyuo vipya katika wilaya nyingi, na vyuo hivyo vinahitaji vifaa. Nakubali kwamba ruzuku bila vifaa huzalisha wahitimu wa karatasi. Lakini mashine isiyo na mwanafunzi huota kutu vile vile. Ndiyo maana sipendekezi ruzuku kwa kila mtu. Ianze na makundi mawili: vijana wa kaya zilizokwisha kuorodheshwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na wasichana wanaosoma mbali na kwao, ambao hukosa malazi ya salama. Orodha ya kaya ipo. Haihitaji kamati mpya.

Mkono mtupu haulambwi

Lipo jambo la mwisho, nalo ni zana. Mwashi bila mwiko, timazi na pimamaji si mwashi mbele ya mteja, ni kibarua. Mhitimu anayerudi Kilema na cheti bila zana huishia kubeba zege la fundi mwingine, na ujuzi wake wa miaka miwili au mitatu hufifia. Halmashauri zetu zina mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Lakini kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na mhitimu aliye peke yake hubaki nje. Napendekeza kila mhitimu aliyefaulu majaribio ya ufundi apewe sanduku la zana za fani yake, nusu likiwa ruzuku na nusu mkopo mdogo wa halmashauri. Zana nyingi za mkono zaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe katika karakana za vyuo, na hivyo bei yake ikapungua.

Walimu wa sekondari wana sehemu yao katika jambo hili. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024 katika shule kadhaa. Mkondo huo hautaheshimiwa ikiwa mwalimu atampeleka huko mwanafunzi aliyemshinda tu. Wala mwanafunzi hatauchagua kwa moyo akijua kwamba mwenzake wa mkondo wa jumla atafunguliwa mlango wa mikopo, na yeye hatafunguliwa chochote. Vijana husoma bajeti ya nchi kuliko tunavyodhani: huziangalia fedha zinakokwenda, wakajua ni kazi ipi taifa linaiheshimu kwa kweli.

Tumekwisha kusema kwa miaka mingi kwamba kazi ya mikono ni kazi ya heshima. Sasa yafaa heshima hiyo ionekane katika daftari la hesabu: nauli, chakula, na sanduku la zana.