Mtoi Wa Miaka 4 Na Tuisheni: Mnamkimbiza Wapi?

Maze, rauka saa kumi na moja na nusu uangalie basi za shule hapa Nairobi. Watoi wa PP1 wamesinzia kwa dirisha, bagi kubwa kuwaliko. Jioni wakifika keja, ticha wa tuisheni ashakaa kwa kochi. Na mtoi ana miaka 4!

CBC ilipoanza kujaribiwa 2017, tuliambiwa mambo ya namba wani iishe, mtoi acheze, agundue talanta. Tatizo si mtoi, ni sisi. Tulitoka 8-4-4, tukachapwa juu ya namba, na hiyo woga bado tunayo. Mzazi mmoja akipost kwa grupu ya WhatsApp eti wake anasoma Kingereza bila kukwama, usiku huo wote wanatafuta ticha. (Hata wenye hawajalipa rent.)

Na ujue Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo: faini mpaka 100,000, ama mwaka mmoja ndani. Lakini nani atashtaki, na mzazi ndiye anatoa doo?

Likizo iliyopita nikauliza wangu anataka kufanya nini. Akasema kulala.