KITI MWENDO SI MZIGO (Sehemu ya 3)

Mama mwenzangu, niliahidi leo tuongelee vidonda vya kukaa. Naomba tusogeze mbele, maana kuna jambo limenikaba kooni.

Siku chache zilizopita nilisafisha kidonda cha moto cha mtoto wa miaka mitano. Alizaliwa na mgongo wazi, miguu yake haina hisia. Mama yake alitoka Chamazi alfajiri kuwahi kliniki, mtoto akiwa kwenye kiti mwendo. Daladala ya kwanza konda akamwambia, "Mama, hicho ni mzigo, lipia siti mbili." Ya pili ilipunguza mwendo, ikaona kiti, ikaondoka. Ya tatu konda aligonga bodi tu: twende. Muda unakwenda. Akaacha kiti kwa muuza genge, akapanda bodaboda na mtoto wake.

Mguu wa mtoto ukalalia ekzosi njia nzima. Hakulia. Angelia vipi na hahisi? Mama alijua walipofika, alipofungua kanga.

Watu walimlaumu mama. "Hivi hukuona?" Mimi nasema kidonda kile hakikuanzia kwenye bodaboda. Kilianzia kwenye mlango wa daladala.

Tuseme ukweli jamani. Daladala zetu zinapakia ndoo za samaki kutoka Feri, matenga ya nyanya, madumu, hadi kuku wazima. Samaki wanapata nafasi. Kiti cha mtoto kikikunjwa kinasimama pembeni ya siti, hakichuruziki maji, hakinuki. Halafu hicho ndicho mzigo? Wewe konda, miguu yako umewahi kuilipia nauli?

Najua utanijibu: "Sista, nina hesabu ya tajiri." Hesabu naielewa, nina ndugu zangu wanaendesha magari. Lakini kukunja kiti ni muda mfupi kuliko ule mnaokaa kituoni mkiita "bado wawili, bado wawili" na gari limeshajaa. Na wewe tajiri mwenye gari, ukimbana kijana kwa hesabu mpaka aogope kumsimamia mlemavu, jua na wewe una sehemu yako katika kidonda kile.

Na sisi abiria je? Tunageukia dirishani, tunachezea simu. Gari zima limenyamaza.

Hii siyo hisani tunayoomba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja usafiri waziwazi kwenye Ibara ya 9. Na inawezekana: tangu 2016 vituo vya mwendokasi Barabara ya Morogoro vina sakafu iliyo usawa wa mlango wa basi, kiti kinasukumwa moja kwa moja. Kama Kimara inawezekana, mtoto wa Chamazi kakosa nini?

Sasa wewe mama. Usikubali kuacha kiti nyumbani kwa sababu ya maneno ya konda. Mtoto anayebaki kwenye mkeka hafiki shule, hafiki kliniki. Ila ukisafiri naye, fanya hivi:

BODABODA: Hapana. Mtoto asiyeweza kujishika na asiyehisi miguu hapandi bodaboda, hata kama ni karibu.

BAJAJI: Mtoe kwenye kiti. Mkalishe ndani, katikati ya siti, wewe ukae upande ulio wazi. Mvalishe soksi na viatu, hakikisha mguu haugusi chuma. Kunja kiti, kifunge nyuma kwa mpira sehemu mbili. Usikishike kwa mkono kikining'inia nje. Mto na vya kukanyagia miguu vinavyotoka, weka kwenye mfuko, ndivyo vinavyopotea kwanza.

DALADALA: Pandia mwanzo wa safari, gari likiwa halijajaa. Mpe mtu mtoto kwanza, kisha kunja kiti, ukiegemeze kwenye siti na ukishike kisianguke. Kama hakikunjiki, baadhi ya viti magurudumu ya nyuma huchomoka; mwambie fundi akuonyeshe siku ya kukabidhiwa.

MWENDOKASI: Mpeleke sehemu ya kiti mwendo. Mkanda wa mtoto umefungwa, breki zote mbili, siyo moja, na wewe simama naye.

MTARO NA NGAZI: Ukiteremka, geuka, magurudumu makubwa yatangulie. Ukimshusha kwa mbele, anakwenda na uso.

JUANI: Kiti kikiachwa juani, gusa kwanza kwa mkono wako. Chuma na plastiki nyeusi huunguza. Na kila jioni mkague miguu na makalio, maana ngozi yake haiwezi kukuita.

Wenye bibi au babu aliyetumiwa skuta ya umeme na ndugu wa nje, mambo ni hayohayo. Mzee ashuke, akae kwenye siti ya gari. Skuta izimwe, ufunguo utolewe, ipakiwe kwenye kirikuu na kamba ifungwe kwenye fremu, siyo kwenye usukani wala kiti chake. Mtu asikae juu yake gari likitembea.

Konda akikukatalia, usigombane naye na mtoto mkononi. Andika namba ya gari, saa na kituo, peleka malalamiko LATRA. Wao ndio wanaotoa leseni za daladala.

Na wewe usiye na mtoto mwenye ulemavu, uliyesoma mpaka hapa: kesho ukimwona mama na kiti kituoni, sema kwa sauti, "Konda, simamisha gari." Kisha shuka, ushike upande mmoja wa kiti. Huyu mama sauti yake peke yake haisikiki. Mkiwa wanne gari halitaondoka.

Yule mtoto anaendelea vizuri, kidonda kinafunga taratibu. Kesho anarudi kubadilishwa bandeji. Sijui atapanda nini.

Sehemu ya 4: vidonda vya kukaa. Mtumie hii konda mmoja unayemfahamu.