Fungueni Sevo, Fungueni na Kabati

Mengi ya mafunzo ya roboti ninayoyashuhudia katika shule na vyuo vyetu ni maonyesho, si elimu. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, nami najua wapo watakaoudhika: walimu waliohangaika kutafuta vifaa, wafadhili waliovitoa, na maofisa waliopigwa picha wakivikabidhi. Sina ugomvi na nia zao. Ugomvi wangu ni na kile kinachotendeka baada ya picha kupigwa.

Nitamwita shahidi mmoja mdogo sana: sevo ya mzunguko mfululizo. Ni kile kijisanduku cha plastiki chenye uzito wa takriban gramu 9 na nyaya tatu, ambacho wanafunzi hukifunga gurudumu na kukifanya mguu wa roboti. Ni kifaa cha bei nafuu, na kwa anayeanza kina manufaa makubwa: mota, gia na saketi ya kuiendesha mota vimo mahali pamoja. Waya mmoja huleta umeme, wa pili huurudisha, wa tatu hubeba amri. Siulaumu ujio wake madarasani. Nalaumu jinsi tunavyomficha mwanafunzi jambo kubwa kuliko yote lililomo ndani yake.

Jambo hilo ni hili. Sevo ya kawaida, mama wa hii tunayoizungumzia, haizunguki mfululizo. Huenda kwenye pembe iliyoagizwa, kwa kawaida ndani ya nyuzi 180, ikasimama hapo. Hujuaje kwamba imefika? Ndani yake mna potenshiomita, yaani kikinza ambacho thamani yake hubadilika kadiri ekseli inavyogeuka. Saketi hulinganisha amri iliyopokelewa na hali iliyosomwa kwenye potenshiomita. Pakiwa na tofauti, huisukuma mota. Tofauti ikiisha, huisimamisha. Mlinganisho huo kati ya kilichoagizwa na kilichotendeka ndio roho ya uhandisi wa udhibiti. Ndio unaoizuia pasi ya umeme isiunguze nguo, na ndio unaoliwasha na kulizima jokofu bila mkono wa mtu.

Sasa tazama namna sevo hiyo inavyogeuzwa kuwa ya mzunguko mfululizo. Hukatwa kile kijino cha plastiki kinachoizuia gia ya mwisho isipite mpaka wake. Kisha potenshiomita huondolewa, na mahali pake huwekwa vikinza viwili vyenye thamani sawa. Kuanzia hapo saketi husoma jibu moja tu daima: uko katikati. Ukiiagiza iende kushoto, huanza kwenda, hujitazama, huona bado iko katikati, huendelea kwenda. Haifiki kamwe. Inazunguka kwa sababu imedanganywa kuhusu mahali ilipo.

Hilo ndilo somo lenyewe, nalo halifundishwi. Mwanafunzi hupewa sevo iliyokwisha kugeuzwa kiwandani na programu iliyokwisha kuandikwa, huambiwa kwamba 90 ni kusimama, 0 ni kasi kamili upande huu, 180 ni kasi kamili upande ule. Anakariri. Haambiwi kwamba namba hizo zilikuwa pembe katika sevo ya kawaida, wala kwamba nyuma yake kuna mapigo ya umeme yanayotumwa takriban mara 50 kwa sekunde, ambamo pigo la milisekunde 1.5 ndilo la katikati. Laiti angeambiwa, angeelewa kwa nini roboti yake hujikokota taratibu hata baada ya kuamriwa isimame: vile vikinza viwili havilingani kikamilifu, na katikati ya sevo yake si katikati ya programu yake. Angejua kwamba dawa ni kuisawazisha, si kuitupa.

Kisha roboti inakwenda upande. Sevo mbili hazifanani kamwe, na hizi hazina njia ya kugundua kwamba moja imemwacha mwenzake. Mwanafunzi akiuliza sababu, hujibiwa: badilisha namba. Anabadilisha, anajaribu, anabadilisha tena, mpaka inanyooka kwenye sakafu ile, kwa betri zile. Siku ya maonyesho sakafu ni nyingine na betri zimechoka, roboti inapinda mbele ya mgeni rasmi, na mtoto anabaki kuona aibu kwa kosa ambalo si lake. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja. Hakuna aliyemfundisha kwamba mashine isiyopata mrejesho haiwezi kujirekebisha. Kwamba kinachohitajika ni kihisi cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, au cha kuusoma mstari sakafuni, ili macho yaliyoondolewa ndani ya sevo yarudishwe kwa nje.

Tukiuliza kwa nini hayafundishwi, tunalifikia kabati. Sevo imeandikwa katika leja. Mwalimu ameitia saini. Ikivunjika gia yake, na gia za plastiki huvunjika, atatakiwa kuandika maelezo. Basi mwalimu mwenye busara ya kujilinda huvifungia vifaa, huvitoa wakati wa ugeni, huvirudisha vikiwa kamili. Mkaguzi anakuta hesabu sawasawa na kuandika kwamba mali ya umma iko salama. Ni kweli iko salama. Iko salama dhidi ya wanafunzi.

Nawasikia wanaonijibu kwamba nchi maskini haiwezi kumudu kuvunja vifaa. Hoja hii ina sura ya hekima, lakini haisimami. Kifaa cha kufundishia kisichoguswa hakijaokoa fedha. Kimezipoteza zote, kwa sababu kilinunuliwa ili kiguswe. Hatuhesabu vipande vya chaki mwishoni mwa muhula wala kumtoza mwalimu wa kemia tindikali iliyotumika. Anayeogopa hasara ya gia moja ya plastiki na asitazame hasara ya darasa zima lililohitimu bila kuifungua mashine hata moja, amekosea mizani.

Wengine watasema wanafunzi watembee kwanza kabla ya kukimbia; wafurahie roboti kwanza, nadharia itafuata. Ningekubali kama nadharia ingefuata. Lakini darasa linalofuata hupewa sanduku lilelile jipya, na furaha ileile. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ijenge akili yenye kudadisi. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, na mitaala iliyoboreshwa, inaipa elimu ya amali nafasi ambayo kizazi changu hakikuipata. Amali bila udadisi ni kukaza skrubu tu.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji mfadhili. Kwanza, maofisa ununuzi na watunza stoo waziingize sevo, vikinza, nyaya na betri katika vifaa vya matumizi, pamoja na chaki na karatasi, ili kuharibika kwake kuwe sehemu ya kazi na si kosa la kinidhamu. Pili, kila kundi la wanafunzi lipewe sevo za kawaida, si zilizogeuzwa, na liambiwe lizigeuze lenyewe: skrubu nne, kisu, vikinza viwili na kifaa cha kulehemu. Wakiharibu moja, waandike sababu. Wakiona bodi inajizima kila mota zinapoanza, waachwe wagundue kwamba sevo hazipaswi kunyonya umeme wa bodi, bali zipewe betri zake, na waya wa hasi uunganishwe pamoja. Tatu, tuache kutoa alama kwa roboti iliyotembea. Tutoe alama kwa mwanafunzi aliyepima imepinda sentimita ngapi katika mita 2, akaeleza kwa nini, na akapunguza kosa hilo.

Na wageni rasmi nao wana wajibu. Badala ya kupiga makofi, waulize swali moja: ndani yake mna nini? Ukimya utakaofuata utawapa ripoti ya kweli kuliko zote walizowahi kusomewa.

Maana nasi tunaoendesha elimu tumeufanya mfumo wetu uwe kama sevo hiyo. Tumeng'oa kipimo cha ndani, tukaweka mahali pake taarifa zinazosema daima kwamba mambo yako sawa, kisha tunajisifu kwa kasi ya mzunguko. Wanafunzi mnaosoma haya, msisubiri waraka. Ombeni bisibisi. Mkinyimwa, ombeni sababu kwa maandishi.